Moto wa Vesta Chumbani Kwetu Karantina

Kila asubuhi, kabla hatujafungua duka la mabaibui ninapofanya kazi hapa Suwaidi, Riyadh, kazi yangu ya kwanza ni kuwasha kidonge cha makaa. Ni yale makaa meusi ya duara yanayotiwa kwenye chetezo ili kufukizia udi. Ukikigusisha kiberiti kinarusha cheche ndogondogo, kinalia kama chumvi kwenye sufuria ya moto, na kabla udi haujatiwa hutoka harufu kali ya baruti. Wenzangu huziba pua. Mimi husogea karibu. Harufu hiyo hunirudisha Jeddah, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Karantina, mwaka niliokuwa na miaka tisa na nikajifanya mlinzi wa mungu wa Kirumi.

Msinicheke bado.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na Bibi, mzaa mama yangu. Mama alikuwa Riyadh, akifanya kazi na kulala katika nyumba ya watu huko Naseem. Kabla ya Ramadhani alikuja siku tatu, akaniletea kitabu ambacho watoto wa madam wake walikuwa wamekichoka. Hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha Kiarabu chepesi, kimejaa picha za miungu ya Warumi wa kale. Alipoondoka alinishika masikio yote mawili, kama ilivyokuwa desturi yake, akasema, "Idi nakuja, Ruki. Inshallah tutakula pamoja."

Sikuwa na rafiki. Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakibisha hodi. Basi miungu ile ikawa ndiyo watu wangu. Jupita, mwenye radi mkononi, nilimfananisha na mwenye nyumba wetu, ambaye akipanda ngazi jengo zima lilinyamaza. Neptuni na mkuki wake wa meno matatu alikuwa muuza samaki wa chini, ndevu zile zile. Janusi, mwenye uso mmoja mbele na mwingine nyuma, nilimtazama sana. Nilifikiri mama naye angefaa kuwa hivyo: uso mmoja uangalie Riyadh, wa pili uniangalie mimi.

Lakini niliyemshika moyoni ni Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani. Kitabu kilisema hekaluni mwake hamkuwa na sanamu, moto tu, na wasichana waliochaguliwa tangu wadogo waliulinda usizimike. Ukizimika, msiba umeingia mjini.

Hekalu hatukuwa nalo. Chetezo tulikuwa nacho.

Bibi alikuwa akifukiza ubani kila alasiri. Kiberiti alinikataza kukigusa, kwa hiyo nikabuni njia yangu: kidonge kikikaribia kuwa jivu, nilikiwekea kipya ubavuni, nacho kikashika moto kwa mwenzake. Chetezo nikakiweka juu ya sinia la bati karibu na dirisha. Sikumwambia mtu, ila ndani kwa ndani niliweka ahadi: moto huu usipozimika mpaka Idi, mama atakuja.

Jioni ile ile Bibi akanigundua.

"We Ruki, makaa yanakwenda wapi? Kuna harusi humu ndani?"

Nikamwonyesha kitabu. Akavaa miwani, akafunua kurasa mbili, akakifunga haraka. "Astaghfirullah! Masanamu matupu, na nguo hawana!"

"Huyu hana sanamu, Bibi. Ni moto tu."

"Ati moto! Watu waukimbia moto, wewe waulinda?"

"Simwombi. Namlindia tu, mpaka Mama aje."

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mlinzi ni Mungu," akasema. "Na moto, mjukuu wangu, huzaa jivu." Lakini chetezo hakukiondoa.

Usiku nililala kama watoto wote. Na kila asubuhi nilikimbilia dirishani, nikakuta kidonge kingali chekundu chini ya jivu jembamba. Sikushangaa. Niliamini Vesta ananishikia zamu. Nilipokuwa shuleni vivyo hivyo. Nikirudi natupa mkoba, napuliza, nacho kinafumbua jicho.

Zilipobaki siku mbili Idi ifike, niliamka nikaenda dirishani. Chetezo kilikuwa baridi. Nikapuliza, jivu likanirukia usoni. Bibi alikuwa amekaa mkekani akichagua mchele, hakugeuka. Nilisimama pale na jivu kwenye nyusi, nisijue nianzie wapi kukiri.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Mama yako haji, Ruki. Kapiga simu jana. Bosi kasema Idi wana wageni, mafi ruhusa, hakuna kutoka."

Sikulia. Nilikitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki, nikakisukuma chini ya kitanda. Siku ya Idi nilivaa gauni jipya nikakaa ngazini, watoto wa jengo wakinipita na peremende zao. Bibi aliniita mara tatu nikale. Sikutaka kwenda. Niliogopa akinitazama vizuri ataona kwamba mimi ndiye niliyemzuia mama. Mama alikuja miezi minne baadaye, amekonda. Nikampa mkono kama ninavyompa mgeni. Aliponishika masikio niliona haya, nikayatoa.

Bibi ametangulia mbele ya haki sasa, na siri ile sikuwahi kumtolea.

Wiki yangu ya kwanza hapa dukani niliwasha kidonge, nikajisahau katika kukunja mabaibui. Adhuhuri haijaadhiniwa, kilikuwa jivu. Kesho yake niliwasha kingine, nikatazama saa. Hakikumaliza hata muda wa saa mbili. Nikasimama na kibano mkononi. Usiku mzima? Na muda wote wa shule?

"Yalla, Rukia, wateja!" mwenye duka aliita. Nikaitika, lakini kibano sikukiweka chini.

Nilikuwa nimekumbuka ncha za vidole vya Bibi, zilivyokuwa nyeusi mwezi ule. Nilidhani ni masizi ya sufuria. Kumbe baada ya sala ya alfajiri alikuwa akiwasha kidonge kipya na kukifunika kwa jivu, na adhuhuri tena, kabla sijarudi. Yeye, ambaye kwa Vesta hakuwa na imani hata chembe. Nikakumbuka na ile asubuhi ya mkekani: vidole vilivyokuwa vikipita katika mchele vilikuwa safi.

Basi moto haukumzuia mama. Simu ilikuja kwanza, ndipo moto ukazimika, kwa sababu aliyekuwa akiuwasha hakuwa na moyo wa kuuwasha tena. Miaka yote ile nilidhani nilimngoja mama yangu peke yangu. Haikunipitia akilini kwamba katika chumba kile kile, hatua tatu kutoka dirishani, Bibi naye alikuwa akimngoja mwanawe.