Mdoli wa Wodini Amenifanya Nimwogope Mama Mkwe

(Aliyetuandikia kisa hiki yuko Mwanza. Majina yote yamebadilishwa kwa ombi lake.)

Wasomaji wa ukurasa huu, habari zenu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, kwetu ni Kagera, nimeolewa na Msukuma wa Magu na tunaishi Mkuyuni. Nauza mitumba ya watoto. Tangu kiwanda alichokuwa akifanya kazi mume wangu kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, mitumba hiyo ndiyo inayotulisha, maana yeye anabahatisha vibarua Nyegezi. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata fungu la dagaa sinunui mpaka nimelipekua hadi chini, na wauzaji wamenizoea.

Binti yetu, nimwite Joyce, ana miaka minane na ana kisukari. Huchomwa insulini asubuhi na jioni. Asubuhi namchoma mimi. Jioni mimi huchelewa sokoni na baba yake huwa bado kwenye vibarua, hivyo anachomwa na bibi yake, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Magu kutusaidia na akafundishwa na nesi. Ni mama mwema. Tangu niolewe hajanivunjia heshima, nami nikimwamkia shikamoo hupiga goti. Lakini sukari ya Joyce inapanda tu, kila mara tunalazwa. Daktari aliniuliza kama mtoto anadokoa vitu vitamu. Nikafungia sukari yote kabatini, na bado ikapanda.

Safari hii wodini tumekuta wanachuo wanaojifunza saikolojia. Tuliambiwa kazi yao ni kusaidia watoto wenye maradhi ya kudumu wasivunjike moyo. Nilipowaona, vijana wasio na dawa mkononi, wanakaa mkekani kucheza na wagonjwa, nikajua hapa kuna namna. Siku hizi kila kitu ni biashara. Nikajisemea, hawa wanajifunzia kwa watoto wetu, wakipata vyeti waende zao Dar.

Mmoja wao, nimwite Stela, ndiye aliyepewa Joyce. Akaniambia, "Mama Joyce, naomba kipande cha nguo kuukuu ya nyumbani. Tumshonee mdoli, awe anamchoma sindano kwa mchezo. Hofu itampungua." Nywele zilinisimama. Nguo ya mtoto ishonwe mfano wa mtu, halafu ichomwe sindano! Nani wa huku asiyejua kazi hiyo hufanywa na watu gani? Nilipomweleza mama mkwe alishika kifua. "Mama Joyce, nguo ya mtu haigawiwi. Ukiitoa, umemtoa mtoto."

Basi nikanunua kitambaa kipya, nikakifua na kukisugua kwenye jiwe mpaka kikachakaa, nikampelekea Stela. Joyce alikinusa tu akasema, "Hiki si cha kwetu." Niliona aibu mpaka masikioni. Stela hakunigombeza, alikishona hivyo hivyo, na mimi nikaanza kumvizia.

Juzi mchana nilijibanza nyuma ya pazia. Stela alikuwa kimya, anashona mdoli wa mtoto mwingine. Joyce alikuwa na wake, na bomba la sindano lisilo na ncha. Akalishika, akaliweka chini bila kuchoma, kisha akamwambia mdoli kwa sauti ya bibi yake kabisa:

"Leo hatuchomi. Sindano zinakumaliza damu, mjukuu wangu. Kunywa hii dawa chungu, meza yote. Mama yako akirudi, sema umechomwa. Umesikia?"

Nikakumbuka insulini tunayoihifadhi ndani ya chungu cha maji ipate ubaridi, jinsi chupa zilivyokuwa zinachelewa kuisha, nami nafurahi kimya kimya.

Nilimvuta Stela nje nikamfokea, "Wewe ndiye umemlisha mwanangu maneno hayo!" Akasubiri nimalize. "Mama, sikumuuliza kitu. Jana alicheza hivi hivi, nikamweleza daktari, na leo nilikuwa nakungoja wewe. Nakuomba jambo moja, usimtaje Joyce. Akijua aliyomwambia mdoli ndiyo yaliyomfukuzisha bibi, hatasema tena, hata siku akizidiwa."

Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba nataka jioni Joyce achomwe na jirani. Akataka sababu. "Mama kaacha shamba lake Magu aje akulelee mtoto, leo unamtafutia makosa? Una ushahidi gani?" Ushahidi ninao, ila shahidi ana miaka minane na anampenda bibi yake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini jana mama mkwe alikuja na uji, akamkumbatia mjukuu, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Naamini anaona anamwokoa. Hilo linanitisha zaidi, maana mtu anayejua anakosea huogopa, na huyu haogopi. Tena roho yangu haijamsafisha Stela moja kwa moja. Watoto huigiza mengi. Je, kama nitavunja nyumba kwa sababu ya mchezo?

Mwisho wa mwezi tunaruhusiwa. Nikikaa nyumbani jioni, hatuli, maana wateja wangu ni wa jioni. Nikisema nilichosikia, mwanangu ndiye shahidi. Nikinyamaza, atarudi hapa wodini, au asirudi popote.

Jana nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, angependa nani awe anamchoma jioni. Akanitazama, akatazama mlangoni, akasema taratibu, "Bibi. Yeye haumizi."

Wazazi wenzangu, nimekwama. Mngekuwa mimi, jioni ya kwanza nyumbani, sindano hiyo mngemwachia nani?