Mafundi wa Daraja Ng'ambo ya Moyale

Vita na Waitaliano vilipopamba moto, jeshi lilichukua mbao zote mjini, nasi maseremala wa Temeke tukabaki kukaa barazani. Akatujia mkandarasi akitafuta mafundi wa madaraja. "Askari wanapigana mbele, ninyi mnajenga nyuma," alisema. "Huko hakuna risasi." Nikajiandikisha pamoja na shemeji yangu Kombo, mume wa dada yangu Zuhura.

Mpaka Dodoma tulikwenda kwa treni. Kutoka hapo ni malori, na vumbi mpaka kwenye meno. Nairobi tuliwaona askari wakigawiwa kofia za chuma. Sisi tuligawiwa misumeno.

Moyale, mpakani na Uhabeshi, nyumba nyingi zilibaki kuta tupu. Mama mmoja wa Kiborana alituuzia maziwa ya ngamia, akatutazama.

"Bunduki zenu ziko wapi?"

"Sie mafundi tu, mama."

"Na bomu linamjua fundi?"

Kombo alicheka. Mie sikucheka.

Ng'ambo ya mpaka tulikuta mto, daraja lake limevunjwa na adui alipokuwa akikimbia. Asubuhi Kombo aliteremka ukingoni kukata mti wa nguzo. Nikasikia kishindo, kisha sauti yake: "Shemeji!" Adui alikuwa amefukia mabomu kando ya maji. Mguu wa Kombo haukuwapo tena.

Tulimbeba mpaka kwenye gari la wagonjwa la jeshi. Koplo aliyelisimamia akazitazama nguo zake.

"Huyu si askari. Ngojeni gari la mkandarasi wenu."

"Bwana, damu inamwishia!"

"Amri si yangu."

Gari likaondoka, na nafasi ilikuwamo. Kombo alikata roho adhuhuri, kichwa chake mapajani mwangu. Kwenye makaburi ya jeshi nako walitukatalia. Tukamzika nje ya ua wa seng'enge. Alasiri tukarudishwa darajani kupigilia mbao.

Niliporudi Temeke, Zuhura alikuwa akitwanga kisamvu. Aliponiona niko peke yangu, aliulaza mchi chini taratibu.

Eda ilipokwisha, alisikia wajane wa askari wanaitwa bomani kupewa pole, naye akaenda. Karani akamwambia mumewe hakuwa vitani.

Baadaye mkandarasi alirudi mtaani. Watu walimzunguka, wakiuliza kazi ni ya namna gani. Mie niliuliza moja tu: mtu akiumia, atapakiwa gari gani? Akawageukia wengine, akaanza kuandika majina. Wachache wakarudi makwao. Wengine wakapanda lori.