Rangi ya mafuta hadi kiunoni

Leo fundi wa rangi ameniuliza swali moja ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nami nawaletea nyinyi.

Nilimwita hapa nyumbani Kiogoro aje apime kuta aniambie kazi yote itanigharimu pesa ngapi. Akapima sebule, akagongagonga ukuta, kisha akauliza:

"Mama, hapa chini tupige rangi ya mafuta hadi kiunoni? Watoto wakishika na mikono ya ugali, unapangusa tu."

Nikamwambia watoto wangu ni wakubwa, wako Nairobi na Qatar.

"Na wajukuu?"

Wako kwa simu. (Msicheke.)

Fundi akafurahi, eti ameniokoa. "Basi rangi ya maji inatosha nyumba yote. Nimekupunguzia pesa mingi!"

Hapo ningeshukuru. Mnanijua, mimi hata sukumawiki nabishania bei.

Lakini nilikuwa nimesimama kando ya swichi, pale kitindamimba wangu alipokuwa akipaka uji kila asubuhi, nami nikimfokea kila asubuhi. Ukuta umepauka, lakini ni safi kabisa. Hauguswi na mtu, ila mimi nikizima taa.

Nikasema, "Fundi, rudisha ile ya mafuta kwenye hesabu."

"Lakini mama, nani ataichafua?"

Ndilo swali lenyewe.

Wanangu, najua mnasoma hapa, na msinijibu kwa vile vikatuni vya kucheka. Rangi nitalipia mimi. Nyinyi leteni hao watoto na mikono yao michafu.