Maji ya Miti Mezani

Mama yangu aliuawa na kuhara kule Miti, kwa maji ya chemchemi ambayo ajenti wa usafi alikuwa ameyapitisha. Zizi la ng'ombe la tajiri mmoja lilikuwa juu yake kidogo, na mvua ikinyesha, mavi yaliteremka mpaka kwenye bomba. Tulimwomba ajenti apande aone. Akatazama viatu vyake vipya. "Maman, maji iko propre, iko safi," aliniambia, kisha akaenda kula mbuzi kwa mwenye zizi.

Baada ya mazishi nilirudi Bukavu na sura ya ajenti yule kichwani. Nilimlaani kila nilipochemsha maji.

Miaka ikapita. Kaka yangu akaniambia kuna familia inakuja kumposa binti yake. Nikauliza baba wa kijana ni nani. Ni yeye, ajenti wa Miti. Nilienda jikoni nikacheka peke yangu, sikumwambia mtu. Asubuhi ya siku ya wageni nilipanda gari la Miti, nikateka bidoni moja ya maji ya chemchemi ile.

Walifika wamevaa abakosti zilizopigwa pasi. Mimi, shangazi wa binti, ndiye niliyekaribisha. Nilimimina glasi, nikaiweka mbele ya baba wa kijana. Ilinuka zizi.

"Karibu, papa. Ni maji ya Miti. Ile ulisema iko propre."

Alinitazama, akanitambua. Akaisukuma glasi. "Nitakunywa bia, maman."

"Hapana. Hapa mutu anaanza na maji."

Kaka yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Sikujali.

"Kunywa, papa. Mama yangu alikunywa."

Jasho lilimtoka. "Maji ile haiko ya kunywa," akasema chini chini.

"Sema kwa nguvu. Wazee hawakusikia."

Akarudia, na wazee wake wakainamisha vichwa. Nikawaambia hakuna posa mpaka zizi lile liondoke.

Binti alilia, akakataa kusema nami. Lakini zizi lilihamishwa, chemchemi ikajengewa saruji. Watu wa Miti waliniambia ajenti mwenyewe alisimama kwenye tope akiwaonyesha vibarua pa kuchimba mfereji.

Harusi ikafungwa. Padri alinisihi nimsamehe, maana sasa tumekuwa ndugu. Nje ya kanisa ajenti alininyooshea mkono mbele ya watu wote. Niliendelea kutengeneza shela ya bibi harusi mpaka akaushusha.