Kappa wa Kijapani alivyonusuru banda langu la gemu hapa Maisaka

Wakuu, heshima zenu.

Hili limenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Asiyeamini apite tu.

Nina banda la gemu hapa Maisaka, Babati. Ndilo linaloniweka mjini. Na kwenye gemu, mtanisamehe, mji huu hauna wa kunifundisha.

Sasa madogo walinogewa na gemu moja ambayo maadui wake wote wametolewa kwenye ngano za Kijapani. Majitu yenye pembe, mbweha wa mikia tisa, mwanamke ambaye shingo inarefuka tu. Wajapani kwa kutisha watu hawajambo!

Neema, binti wa jirani, akaenda kusimulia kwao. Kesho yake mwenyekiti wa mtaa akanipigia.

"Kijana, Mama Neema anasema unafuga mashetani. Anakuja kuangalia. Asiporidhika, unafunga."

Nikamjibu aje tu. Nilikuwa najiamini vibaya mno.

Mama akaingia, uso kaukunja. Hata hajakaa nikaanza somo, nikimwonyesha kwenye skrini.

"Mama, huyu wa kijani ni kappa. Anaishi mtoni, anazamisha watoto. Utosini ana kishimo chenye maji, na nguvu zake zote ziko humo. Wazazi wa kule waliwatishia watoto wasichezee mtoni."

Akalegea kidogo. Sisi tuna viboko ziwani, kutishia watoto na maji tunakujua.

"Sasa anauawaje?"

Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Kappa ana adabu kupita kiasi: ukimwinamia kumsalimia, lazima naye ainame. Nikabonyeza pedi ya gemu, mtu wangu akainama. Kappa naye akainama, maji yakamwagika, chali!

Nikageuka nikitegemea makofi.

"Kumbe hata hilo zimwi linajua salamu," akasema taratibu. "Na wewe tangu nimeingia hujaniamkia."

Wakuu, niliona aibu ya mwaka. Nikaweka pedi chini, nikainama kwelikweli.

"Shikamoo, Mama Neema."

Nikajua banda limekwenda.

"Marahaba." Kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Nitamwambia mwenyekiti shetani sijamwona. Nimemwona kijana asiye na adabu, na huyo tutamfundisha hapahapa."

Banda liko wazi mpaka leo, na Neema anamwangusha kappa kuliko wote.

Nilichojifunza: ujuzi hauingii mlangoni kabla ya salamu.

Haya, nyie utotoni mlitishiwa na zimwi gani? Mtajeni hapa tuone kama anafaa kuwa bosi wa gemu.