Dada Ananinusa Mdomo

Kazi yangu ni kupaka makabati vanishi, kwa hiyo jioni nanuka spiriti. Dada yangu haamini hata kidogo kwamba ni harufu ya kazi. Marehemu baba, fundi vanishi pia, alijitetea hivyohivyo mpaka pombe ikammaliza. Basi kila nikirudi, dada yuko mlangoni: "Hebu pumua!" Napumua kama mwizi aliyeshikwa, na pombe sijawahi hata kuionja!

Juzi mlangoni hakukuwa na mtu. Nilimkuta kitandani, amegeukia ukuta, hajala, analia bila sababu. Nikampeleka zahanati, na nesi akauliza kama kwetu kuna mlevi; nikamtaja baba.

"Ulevi na huzuni ya namna hii vinaweza kurithiwa pamoja," alisema.

Siku hizi kila asubuhi namchungulia chumbani. "Dada, hebu geuka nikuone."

"Pumua kwanza," ananijibu, uso bado ukutani.