Lazanya ya Nives Zoli

Timu ya Zoli ya mbio za magari ilizaliwa Faenza, mji wa Romagna nchini Italia, kwenye karakana ya matrekta, mwaka ambao Learco Zoli aliuza trekta la marehemu baba yake akarudi nyumbani na gari la mbio lenye kiti kimoja na magurudumu matatu. La nne lilikuja baadaye. Mkewe, Nives, alilitazama gari, kisha akaingia jikoni. Alimpakulia chakula akiwa amempa mgongo, na mume yeyote wa Romagna anajua maana yake.

Tangu hapo wakaizunguka Italia nzima na magari hayo madogo, yale wanayoanzia vijana wenye ndoto za mbio kubwa. Madereva walikuja wembamba, wakaondoka na mashavu. Wachache wamekuwa watu wenye majina, na mpaka leo humpigia Nives simu kuulizia lazanya yake, zile tambi pana zilizookwa kwa nyama na jibini. Gari hawaliulizii, na si kosa lao. Gari la Zoli lilishika nafasi ya pili, ya tatu, ya kumi na tisa, likashika hata moto, lakini nafasi ya kwanza halikuwahi kuishika. Sasa Learco alikuwa mzee mwenye goti bovu, na karakana ilikwishapata mnunuzi. Msimu ule ulikuwa wa mwisho. Alitaka ushindi mmoja tu, afunge mlango akiwa na raha.

Ndipo akamwajiri injinia Samuele, kijana wa Modena aliyepima kila kitu mpaka skrubu. Kwenye mbio hizi gari na dereva hupimwa pamoja baada ya kumaliza, na wakipungua chini ya uzito uliowekwa, matokeo yanafutwa. Wenye akili huacha kilo mbili tatu za tahadhari. Samuele aliuona huo ni woga. Jumamosi, pale kwenye uwanja wa mbio wa Misano, alimpima dereva wao Ruben akitoka mezani, kisha akafungua kwenye gari kila kipande cha madini ya risasi cha kuongeza uzito alichoona ni mzigo wa bure, mpaka wakabaki palepale kwenye uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa.

Jumapili asubuhi akaingia kwenye hema la jikoni, akatazama sinia la lazanya. Hapo ndipo alipojiponza.

"Signora, siagi yote hii ya nini? Unamlisha dereva au unanenepesha nguruwe wa Krismasi?"

Nives akaweka mwiko chini polepole. "Nguruwe angalau hushukuru, mwanangu."

"Nasema kitaalamu tu."

"Basi leo mtakula huo utaalamu."

Akafunika sinia, akaketi mbele yake, mikono kifuani. Ruben akaja akinusanusa.

"Mama Nives, kijipande tu."

"Kamwombe injinia wako."

Learco naye alichungulia, akauona uso wa mkewe, akakumbuka ana shughuli kwingine.

Ruben akaingia mbioni na njaa yake. Labda ndiyo iliyomsukuma, maana aliwapita wenzake mmoja mmoja na kuvuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza. Learco alirusha kofia, akasahau goti, akamkumbatia mtu wa timu nyingine. Wakampa kombe. Alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Kisha ikaja mizani. Nusu kilo pungufu.

Msimamizi akanyoosha mkono, na Learco akamrudishia kombe bila kubishana.

"Haiwezekani," Samuele alisema. "Jana alitimia."

"Jana nilikula," Ruben akamjibu.

Nives alikuwa kwenye lango la mahali pa kupimia, akayasikia. Aliumia moyo kuliko alivyowahi kuumia. Akakimbilia hemani, akarudi na sahani inayofuka moshi, akiwasukuma watu kwa viwiko.

"Mpimeni tena. Ngojeni kwanza ale."

"Mama, sheria hairuhusu," msimamizi alisema, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Sheria gani inamwadhibu mtoto kwa kushinda njaa? Mimi ndiye niliyemnyima. Nilikasirika." Akamgeukia mumewe. "Learco, nimekuharibia. Kosa ni langu."

 Learco alimtazama mkewe, halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo kwanza, mwishowe ikabidi aegemee gari.

"Tangu nikuoe nimengoja mambo mawili tu," akasema akifuta macho. "Nishinde mbio, na nikusikie ukisema kosa ni lako. La kwanza wamelichukua. La pili nina mashahidi."